Tuliomba, Mungu Akanyamaza: Tushukuru Nini?

Wewe baba au mama wa Kamatanda, labda jana jioni mulisali mbele ya bukari na sombe, na mtoto mmoja akauliza: "Tunamushukuru Mungu ya nini? Pesa ya masomo yenye tuliombaka iko wapi?" Usimpige. Wala usimwambie kama ametukana Mungu. Hapa kwetu Likasi swali lile ni la zamani.

Wazee wanakumbuka. Katika miaka ya 1980 kulikuwa miaka ambayo Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Pamoja na mushahara kulikuwa unga, hospitali na masomo ya watoto. Septemba 1990 shimo la Kamoto, kule Kolwezi, likaanguka. Mwaka 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 40,000. Mushahara ukachelewa mwezi, halafu miezi, halafu watu wakaacha kuhesabu. Mwaka 2003, kwa mpango wa serikali na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini, watu wenye miaka 25 ya kazi na kupita. Mpango uliitwa "kuondoka kwa kupenda". Kwa kupenda! Mtu asiyelipwa karibu miaka mitatu anapenda nini? Walipewa pesa mara moja, na wengi wakasema haifikie haki yao. Walidai miaka na miaka.

Watu wale hawakusali? Walisali, wakafunga, wakakesha. Ndiyo sababu maneno ya wahubiri wengine yananiumiza: "Hukupata kwa sababu imani yako ni kidogo." Tuyakatae. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake, haukutolewa. Aliambiwa neema inamtosha. Yesu mwenyewe kule Getsemane aliomba kikombe kimpite, na kesho yake alikuwa msalabani. Nani atasema Yesu alikuwa na imani kidogo?

Soma kitabu cha nabii Habakuki, ni kifupi, sura tatu tu. Anaanza kwa kulalamika: analia mpaka lini, na Mungu hasikii? Anamaliza kwa kuimba. Lakini tazama vizuri, mbele ya kuimba anahesabu kile kinachokosekana: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Hafichi kitu. Angekaa hapa kwetu angesema: mushahara haukukuja, mahindi yalikauka, mfuko wa mawe ya shaba mnunuzi ameupunguza kwenye mizani. Kisha angemwimbia Mungu. Shukrani yake haipake rangi ukuta wenye ufa.

Na kushukuru si kufuta deni la bwana kazi. Mjane wa Luka 18 alirudi kwa hakimu mara kwa mara mpaka akapata haki, na Yesu alimtoa kuwa mfano wa kusali bila kuchoka. Basi baba, peleka karatasi zako ofisini, na usali. Moja haikatazi ingine.

Wewe kijana, nina neno nawe. Uliomba kazi na diploma yako, haikukuja, sasa unashuka shimoni na beleshi. Sikuhukumu, njaa haingoje. Lakini usishuke ukisema, "Mungu ameniacha, hata udongo ukianguka ni sawa tu." Kule Shinkolobwe, si mbali na sisi, mgodi ulifungwa kwa amri Januari 2004, Julai ya mwaka ule ule udongo ukaanguka juu ya wachimbaji, wengine wakafa. Wakati wa mvua udongo unakuwa mzito. Ukiona ufa, toka, hata kama mawe mazuri yako mbele. Kumtegemea Mungu si kumjaribu.

Turudi kwa swali la yule mtoto: tushukuru nini? Ile miaka mushahara ulipokosekana, nyumba nyingi zilisimama kwa mikono ya wamama. Walilima, waliuza sokoni kidogo kidogo, wengine waliosha madini majini mchana kutwa. Jirani aliyekuwa na sahani moja ya unga aliigawanya. Mushahara haukukuja, lakini wale walikuja. Sisemi walilipa deni. Deni lingali deni. Wataje kwa majina katika sala ya jioni, wamama wale na jirani yule, na deni mulitaje pia.