Malezi ya Moyo Huanza Jikoni

Shinikizo la damu la mtu wa miaka 50 aghalabu huwa na historia ndefu kuliko kadi yake ya kliniki. Mwaka 1998, watafiti wa Bogalusa, mji mdogo wa Louisiana nchini Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya watu 204 wenye umri wa miaka 2 hadi 39, waliofariki hasa kwa majeraha. Utando wa mafuta ulionekana ndani ya mishipa ya damu hata kwa watoto, na ulizidi kadiri vihatarishi kama unene na lehemu vilivyozidi.

Kwa hiyo huko Maguu, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, suala la moyo linamhusu hata mtoto ambaye bado anabebwa mgongoni.

Ratiba ya zamani haikuwa mbaya hata kidogo. Mtoto alipanda na kushuka vilima kuelekea kwenye ngoro, akala ugali kwa maharage, na giza lilipoingia akalala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 acheze na kutembea angalau dakika 180 kwa siku, apate usingizi wa saa 10 hadi 13, wala asitazame skrini zaidi ya saa 1. Mlima ulitimiza sehemu kubwa ya hayo bila kuandikiwa. Siku hizi simu iliyonunuliwa kwa fedha za kahawa hushika nafasi ya mlezi, na mtoto hulala watu wazima wanapolala. Simlaumu mama aliyechoka, lakini usingizi huo unaweza kurudishwa bila gharama yoyote.

Ninalolihofia zaidi ni chumvi. Ulimi hujifunza. Mtoto anayeanzishiwa chakula akiwa na miezi 6 hahitaji uji wala mboga iliyoongezwa chumvi. Akizoeshwa, chakula cha kiasi humwia chapwa. Mtu mzima mwenyewe anatakiwa asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Samaki mkavu wa Ziwa Nyasa ni chakula bora kwa mtoto. Akiwa ametiwa chumvi, aloweshwe, maji yamwagwe, na chungu kisiongezwe nyingine. Chumvi kidogo ya familia iendelee kuwa ile yenye madini joto.

Kwa watoa huduma: madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba shinikizo la damu lipimwe kila mwaka kuanzia miaka 3. Mkanda wa mtu mzima ukifungwa kwenye mkono wa mtoto hutoa kipimo cha chini kuliko hali halisi, hivyo tatizo hufichika. Penye mkanda mdogo mmoja tu, waanze watoto wanene, wenye maradhi ya figo, na waliozaliwa na uzito pungufu ya kilo 2.5. Kipimo kiandikwe kwenye kadi, hata kikiwa cha kawaida.