Ndola kwenda na kurudi: sababu gani picha za ndege zilitukatalia

Bandugu, tuanze na hesabu. Tulitoka Lubumbashi saa kumi na moja ya asubuhi, tukarudi saa tatu ya usiku. Kila mutu alilipa karibu dola 85: gari mpaka Kasumbalesa, teksi za upande wa Zambia, chakula, na sehemu yake ya objektifu ya milimeta 300 tuliyokodi kwa siku moja. Tulirudi na picha za ndege mbili, na hakuna hata moja ambayo ingekubali kuchapishwa kwa ukubwa wa kalenda. Na kalenda njo ilikuwa mupango wenyewe. Rafiki yangu, mwenye lisansi ya ujenzi ambaye hajapata kazi tangu amalize masomo, alitaka kurasa 12, ndege 12, tuuze mwisho wa mwaka. Kuna watu wengi ku Lubumbashi wanaopenda ndege na hawajapanda hata moja. Soko liko.

Wengi watauliza: Luano iko hapa hapa, sababu gani kuvuka mpaka? Jibu ni fupi. Kwetu, uwanja wa ndege unahesabiwa pamoja na madaraja na kambi za jeshi. Ukiinua apareyi bila karatasi ya ruhusa, unaweza kupoteza apareyi, na siku nzima, na feza juu yake. Ndola iko ku saa chache kwa barabara, na tangu mwaka 2021 iko na uwanja mupya kabisa unaoitwa kwa jina la Simon Mwansa Kapwepwe, yule aliyekuwa makamu wa rais wa Zambia. Pisti yake ina urefu wa kilometa 3.5. Mwezi wa Oktoba ndio unanipa nafasi, kwa sababu mvua ikianza mimi niko shambani kila siku. Basi tukaenda.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya ile siku, na ninaona kwamba picha zile zilishindwa kwa sababu ambazo mutu anaweza kuzisoma mbele ya kutoka nyumbani. Njo maana ninaandika.

Jambo la kwanza ni saa za ndege. Ndege kubwa hazitembei namna zinavyotaka. Shirika kama Ethiopian Airlines linakusanya abiria wote fasi moja, Addis Ababa. Ndege za Ulaya na Asia zinafika pale mapema asubuhi. Abiria wanashuka, wanagawanywa, na ndege za kuja kusini mwa Afrika zinaondoka. Kutoka Addis mpaka Copperbelt ni kama saa nne angani, na Addis iko mbele yetu kwa saa moja. Piga hesabu: ndege inatua karibu na saa sita ya muchana. Inapakia, inarudi, ili ifike Addis jioni na kuwapa abiria ndege za usiku za kwenda Ulaya na Asia. Wanaopenda ndege ku Lubumbashi wanajua hii bila kusoma popote. Wanasikia mlio ule ule, saa ile ile, wakati wanakula bukari.

Kwa abiria, hii ni mupango muzuri sana. Kwa mupiga picha, ni saa mbaya kuliko zote. Ndola iko karibu digrii 13 kusini ya ikweta. Mwisho wa Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la saa sita linapita juu ya kichwa kabisa, kivuli chako kinajificha chini ya viatu vyako. Sasa weka ndege hapo: mgongo wake unawaka mweupe, tumbo lake linakuwa jeusi kama chungu. Apareyi haiwezi kubeba vyote viwili. Ukipima mwanga wa mgongo, madirisha na magurudumu yanapotea. Ukipima tumbo, mbingu yote inakuwa karatasi nyeupe. Zile picha nzuri munazoona za Maho Beach kule Sint Maarten, ndege inapita juu ya vichwa vya watu wanaoogelea, ziko na bahati mbili: ndege iko karibu sana, na mchanga mweupe pamoja na maji yanarudisha mwanga chini ya tumbo. Sisi chini yetu tulikuwa na majani yaliyoungua.

Na hapa ninaingia ku kazi yangu, munisamehe, agronome hawezi kunyamaza akiona udongo. Joto lile linalocheza juu ya lami, linalofanya gari la mbali lionekane kama linaogelea, si macho yako yanayochoka. Hewa iliyo karibu na chini imepashwa moto na inapanda. Ile ya juu ni baridi kidogo na inashuka. Mwanga ukipita kati ya hewa hizo mbili unapindishwa huku na huku, maelfu ya mara. Wakati wa kuandaa kazi yetu ya mwisho ya masomo tulikuwa tunapima joto la udongo ndani ya mahindi: shamba moja tumefunika na majani makavu, lingine tumeliacha tupu. Ku shamba tupu, saa saba ya muchana, hata kijiti cha alama kilikuwa kinatikisika machoni, na kijiti chenyewe kimesimama kimya. Ku shamba lililofunikwa, hakuna. Sasa fikiria lami nyeusi, ambayo muchana wa Oktoba inaweza kupita digrii 50, kwa urefu wa kilometa tatu na nusu.

Objektifu kubwa haisaidii kitu. Watu wanafikiri ukinunua milimeta 600 matatizo yatakwisha, lakini inavuta karibu ndege pamoja na joto lote lililo kati yako na ndege. Ndege iko ku metre 1,500, una metre 1,500 za hewa inayochemka. Picha ya kwanza tuliyopiga, Boeing 737 iliyokuwa inakwenda kugeuka mwisho wa pisti, ina mistari ya madirisha iliyopinda kama imechorwa na mutoto. Namba ya usajili inaanza na ET, nyingine zote ni supu. Kuongeza mwendo wa apareyi hakubadilishi hii. Dawa ni mbili tu: kuwa karibu, ao kuja wakati ardhi bado baridi.

Ongeza moshi. Kutoka Juni mpaka Oktoba, misitu ya miombo pande zote mbili za mpaka inaungua: watu wanafungua mashamba, wanawinda panya, wanachoma makala. Mvua haijaja kuosha hewa. Kutoka Chingola mpaka Kitwe hatukuona mbingu ya bluu, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mukulima anajua moshi huo unamaanisha nini kwa udongo wake. Mupiga picha naye anapata pazia.

Kuna kitu kingine ambacho sikuona kimeandikwa mahali pengi. Ndola iko juu ya metre 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi, kwa hiyo bawa linahitaji mwendo mukubwa zaidi mbele ya kuinua ndege. Muchana wa Oktoba ndege inakimbia mbali sana ku pisti mbele ya magurudumu kuacha ardhi. Wewe umesimama fasi ambayo, ku muji wa baridi ulio karibu na bahari, ingekuwa imeshapanda na pua juu. Hapa inapita mbele yako bado iko chini, inakimbia, na inapanda kule mbali, ndani ya joto na moshi. Pisti ndefu ambayo injinia anasifu (na rafiki yangu aliisifu sana, mpaka nikamwambia anyamaze) inapeleka ndege mbali na wewe.

Picha ya pili ilikuwa ndege ya Embraer kutoka Johannesburg, usajili wa ZS. Hii ilikuwa karibu kuwa nzuri. Halafu mulinzi akaja.

Alikuja na baiskeli, polepole, mutu wa umri wa baba yangu. Tulikuwa inje ya uzio, ku kibarabara ambacho watu wa pale wanapita na makala na mihogo, na tulikuwa tumeambiwa ku muji kwamba inje haina shida. Tulimsalimia kwa Kibemba, na hiyo ilisaidia. Alisema: «Bana bandi, hapa hapapigwi picha. Kutazama, mutazame.» Hakuchukua apareyi, hakuomba kitu. Rafiki yangu akaniuliza kwa sauti ndogo, «Yaya, tunafanya nini?» Tukafunga objektifu ndani ya mufuko. Ndege ya tatu, ya propela kutoka Lusaka, tuliiangalia watatu pamoja, mikono mitupu. Na hiyo njo ilipita karibu kuliko zote, wakati wingu dogo lilikuwa limefunika jua.

Yule muzee alikuwa ndani ya kazi yake. Mukataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza safari za ndege za dunia yote, unaachia kila nchi haki ya kukataza ao kupanga matumizi ya apareyi za picha ndani ya ndege zinazopita juu ya ardhi yake. Kwa mutu aliyesimama chini, kila nchi iko na sheria zake, na nchi nyingi zinaita uwanja wa ndege fasi inayolindwa. Ulaya pia. Mwezi wa Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 wenye kupenda ndege walikamatwa Ugiriki, ku kambi ya anga ya Kalamata, wakiwa na madaftari yao ya namba. Mwaka uliofuata walihukumiwa, na walifutiwa makosa ku rufaa tu, mwaka mmoja nyuma ya kukamatwa. Na wakati huo huo, Manchester iko na bustani karibu na pisti, watu wanalipa, wanakaa na watoto, wanapiga picha siku nzima, Concorde imesimama pale kama sanamu.

Serikali zinaogopa daftari la namba kwa sababu lina nguvu. Kati ya 2004 na 2006, waandishi wa habari walifuata ndege ambazo CIA ilitumia kubeba wafungwa kwa siri, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa picha na namba zilizoandikwa na watu wa kawaida waliosimama ku uzio wa viwanja mbalimbali. Hata kwetu, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza biashara ya silaha Congo walifuata namba za usajili za ndege. Kwa hiyo mutu akikuambia hii ni mchezo wa watoto, mwambie hapana.

Kwenye njia ya kurudi tulipita kibao cha fasi ambapo Dag Hammarskjöld, Katibu Mukuu wa Umoja wa Mataifa, alianguka usiku wa tarehe 17 kwenda 18 Septemba 1961. Iko magharibi ya Ndola, si mbali na uwanja mupya. Alikuwa anatoka Léopoldville ndani ya DC-6, anakuja kuonana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga visimame. Watu 16 walikuwa ndani, hakuna aliyepona. Wachoma makala waliokuwa porini usiku ule walisema waliona ndege nyingine angani, lakini uchunguzi wa serikali ya kikoloni haukuwapa uzito. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Umoja wa Mataifa ulifungua tena kesi hiyo na kumupa kazi Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mukuu wa Tanzania, na ushuhuda wao ulisomwa upya. Hatukushuka kwenye gari. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, malori ya shaba na kobalti yalikuwa yamejaza njia ya mpaka, na dereva hakuwa na uvumilivu.

Kalenda ya mwaka ule haikutoka. Tunapanga kurudi mwezi wa tatu, siku ya Jumapili, wakati mvua imeosha hewa na majani ni mabichi mpaka ku uzio. Tutafika tangu jana yake, tulale Ndola, ili ndege ya kwanza ya Lusaka itukute saa moja ya asubuhi na jua pembeni. Barua ya kuomba ruhusa tumeshaiandika kwa Kiingereza: majina yetu na namba za pasipoti, tarehe, saa, aina ya apareyi, kazi ya picha, na sentensi inayosema tunakubali kuonyesha kila picha mbele ya kuondoka. Tunatafuta mutu wa tatu wa kugawana naye bei ya objektifu.