Kituo cha Chuo Kikuu Kilichobomolewa

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo unatukumbusha kisa cha kituo kimoja cha treni katika mji wa Chicago, Marekani.

Mji huo unasifika kwa reli zake zipitazo juu ya barabara. Nguzo za chuma husimamishwa kando ya mtaa, reli zikalazwa juu yake, na abiria hupanda ngazi kuifuata treni. Njia ya kwanza ya namna hiyo mjini humo ilifunguliwa tarehe 6 Juni, 1892. Mwaka uliofuata ilirefushwa kupitia juu ya Mtaa wa 63 hadi bustani ya Jackson Park, yalikofanyika Maonyesho ya Dunia. Awali treni zilivutwa kwa injini za mvuke. Mwaka 1898 umeme ukashika nafasi yake, kwa ufundi wa Frank Sprague: mabehewa yalifungwa mota zao wenyewe, na yote yakaongozwa na dereva mmoja.

Katika njia hiyo palikuwa na kituo kiitwacho University, maana yake Chuo Kikuu. Msomi aliyeshuka hapo alielekea kaskazini, akavuka uwanja mrefu wa majani uitwao Midway, akakifikia Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoanza kufundisha Oktoba, 1892.

Hata hivyo, kituo hakikuwa cha wasomi peke yao. Pande zake zote ni mtaa wa Woodlawn, ambao katikati ya karne ya 20 ulikuja kukaliwa zaidi na Wamarekani Weusi. Chini ya reli palijaa maduka, hoteli na majumba ya sinema. Asubuhi wafanyakazi walipanda ngazi zile zile walizoshukia wanafunzi.

Kisha neema ikaupa mtaa kisogo. Mwaka 1960 Woodlawn ilikuwa na watu zaidi ya 81,000. Kufikia mwaka 1990 walibaki kama 27,000. Nyumba ziliungua, maduka yakafungwa, na reli nayo ikazeeka. Mwaka 1982 daraja la Dorchester, mashariki ya kituo chetu, lilionekana kuwa la hatari. Tangu Desemba mwaka huo, kituo cha University kikawa ndicho mwisho wa safari.

Tarehe 9 Januari, 1994, njia nzima ilifungwa ili itengenezwe. Hapo wenyeji wakagawanyika. Baadhi yao, akiwamo Askofu Arthur Brazier, waliona kuwa reli ile inauziba mtaa jua, inaleta kelele na kuwafukuza wajenzi wa nyumba mpya. Wengine wakauliza: mtu asiye na gari atafikaje kazini? Wote walikuwa wakiutetea mtaa ule ule. Treni ziliporejea mwaka 1996, ziliishia kituo cha Cottage Grove, na mwaka 1997 sehemu iliyobaki ikabomolewa, pamoja na kituo cha University.

Tuseme kweli: jua lilirudi, na nyumba nzuri zikajengwa kando ya mtaa. Lakini viwanja vingi vilibaki vitupu kwa miaka mingi. Naye mama akaaye mashariki ya mtaa, mtoto mkononi na theluji miguuni, ikambidi aingoje basi kwanza ndipo aifikie treni.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa namna moja. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alifundisha sheria katika chuo hicho tangu mwaka 1992 hadi 2004. Mwaka 2021 ujenzi wa kituo cha kumbukumbu za urais wake ulianza ndani ya Jackson Park, karibu kabisa na mahali reli ile ilipokuwa ikiishia. Wageni wa Maonyesho ya mwaka 1893 walifika bustanini kwa treni hiyo. Wageni wa kituo cha Obama hawana reli ya juu ya kuwafikisha hapo.

Msomaji, kujenga reli huchukua miaka na fedha nyingi. Kuibomoa ni kazi ya majuma machache. Kabla ya kukiondoa chombo cha umma kwa sababu kimechakaa, na waulizwe kwanza wale wanaokipanda kila alfajiri.