Hadithi za Picha na Kishikwambi katika Kufundisha Insha ya Masimulizi

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Bagamoyo hukutana mapema na jambo la kustaajabisha. Mtoto ambaye wakati wa mapumziko huwasimulia wenzake kisa kirefu cha ngalawa iliyopinduka, akipewa karatasi aandike kisa hicho hicho, huandika mistari mitatu na kukoma. Mtoto huyo si mvivu, wala hakukosa hadithi. Amekosa daraja la kumvusha kutoka kusema hadi kuandika. Makala haya yanakusudia kueleza namna hadithi za picha zinavyoweza kuwa daraja hilo.

Hadithi za picha si jambo geni kwetu. Vibonzo vya Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani, viliwazoesha wasomaji wengi kufuata kisa kwa macho. Kilicho kipya ni chombo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa walimu. Yafaa basi tujiulize: kishikwambi kimoja kitalisaidiaje darasa lenye watoto wengi?

Hatua ya kwanza: kusimulia. Mwalimu aanze na kisa kinachojulikana mahali pale. Tuchukue mfano huu. Mwanaidi wa Kaole anatumwa na bibi yake kununua samaki mnadani. Pesa amezifunga katika pindo la kanga. Njiani anacheza na wenzake ufukweni. Anapofika mnadani, pindo ni tupu. Anarudi kuzitafuta, lakini maji yamekwisha kujaa. Wanafunzi wakisimulie kisa hicho kwa zamu, na mwalimu anase sauti zao kwa kishikwambi.

Hatua ya pili: kuchora. Kila kikundi kigawe kisa katika visanduku sita, kila mtoto achore kimoja kwenye karatasi yake. Kisanduku cha sita kiachwe kitupu: je, Mwanaidi atamwambia bibi ukweli? Kila mwanafunzi ataamua mwenyewe atakapoandika. Uzuri wa michoro si shabaha ya somo.

Hatua ya tatu: kupanga. Mwalimu apige picha michoro hiyo, kisha vikundi vije kwa zamu kwenye kishikwambi, vingine vikiendelea na karatasi. Hapa ndipo chombo kinapoonyesha faida yake, kwani picha huhamishwa kwa kidole bila kufuta wala kuchana kitu. Watoto wajaribu kuanza na pindo tupu, ndipo warudi nyuma. Wataona wenyewe kwamba mpangilio hubadili hamu ya msomaji.

Hatua ya nne: kuandika yasiyoonekana. Hii ndiyo roho ya somo. Picha humwonyesha Mwanaidi ameshika kanga; haionyeshi harufu ya samaki, kelele za mnada, wala hofu moyoni. Mwalimu aulize: “Alisikia nini? Aliwaza nini?” Majibu ndiyo yatakayojaza insha. Aidha, maneno ya wahusika yaliyoandikwa ndani ya picha yageuzwe mara kuwa usemi halisi, mara kuwa usemi wa taarifa.

Hapo pia ndipo mahali pa kufundisha kiambishi -ka-. Wanafunzi wengi huandika: “Alifika mnadani. Alifungua pindo. Hakuona pesa. Alilia.” Waongozwe waandike: “Alipofika mnadani, wanunuzi walikuwa wakishindana kwa bei. Akafungua pindo la kanga, akalikuta tupu. Moyo ukampiga paa.” Mwanafunzi aone kwamba -li- huweka msingi wa tukio, na -ka- huyafuatanisha matukio kama visanduku vinavyofuatana.

Mwalimu mpya ajihadhari na kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Katika somo langu la kwanza la namna hii, watoto walichora na kupaka rangi muda wote wa kipindi cha dakika 40. Darasa lilifurahi, nami nikafurahi. Lakini nilipokusanya madaftari sikukuta hata aya moja. Tangu hapo hutenga kipindi kimoja cha kusimulia na kuchora, na kingine kizima cha kupanga na kuandika. Tena kishikwambi kichajiwe mapema. Umeme ukikatika, karatasi zibandikwe ubaoni na somo liendelee.

Mwisho, ieleweke kwamba picha ni ngazi tu. Wiki ya kwanza mwanafunzi apewe visanduku sita, baadaye vitatu, kisha kimoja, hatimaye asipewe chochote. Siku atakapoandika kisa cha ngalawa yake bila picha, nasi tukaisikia sauti yake ndani ya maandishi, hapo ndipo tutakaposema somo limefaulu.