Nani Anashika Ufunguo wa Domeni Yako?

Wiki ya kwanza ya Januari, shule zikifunguliwa, mama mmoja anayeshona na kuuza yunifomu alitupigia simu akiwa amekasirika. Kila asubuhi huwa tunamtumia ripoti ya malipo yaliyoingia kwenye Paybill yake, kwa ile barua pepe ya duka. Sasa siku 3 zimepita na hajaona kitu. "Mmezima mitambo yenu wakati ndio nina wateja?" akauliza.

Tukaangalia. Ripoti zilikuwa zinatoka kwetu kila siku, na kila siku zilikuwa zinarudi. Anwani yake ilikuwa haipokei barua tena. Tukamwomba afungue tovuti yake kwenye simu. Akafungua, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa kuna matangazo tu. Duka langu halipo."

Kumbe domeni ilikuwa imeisha muda Desemba. Kijana aliyemtengenezea tovuti miaka 3 nyuma ndiye aliyeisajili, kwa jina lake na kwa barua pepe yake mwenyewe. Ujumbe wa kukumbusha kulipa ulikuwa unamwendea yeye, na yeye alishaacha kazi hiyo, laini yake haipatikani. Mama alifanikiwa kuirudisha baada ya kumpelekea msajili cheti cha biashara, kitambulisho na risiti za miaka ya nyuma. Lakini ilichukua siku 11, na ndizo siku 11 ambazo wahasibu wa shule wanatoa oda. Walituma barua, hazikujibiwa, wakaenda kwa mshonaji mwingine.

Hakuna aliyemwibia mama huyu. Ufunguo wa duka ulikuwa tu kwenye mfuko wa mtu mwingine. Kwa sababu simu za aina hii tunazipokea mara kwa mara, tumeamua kueleza mambo haya polepole, bila lugha ya mafundi.

Domeni hununui, unakodi

Domeni ni lile jina ambalo mteja anaandika ili afike kwenye tovuti yako, na ambalo linakuja baada ya alama ya @ kwenye barua pepe yako. Kompyuta zenyewe zinatafutana kwa namba. Mfumo wa kugeuza majina kuwa namba, unaoitwa DNS, ulibuniwa mwaka 1983 ili binadamu wasilazimike kukariri hizo namba.

Watu wengi husema "nimenunua domeni". Ukweli ni kwamba umeikodi kwa mwaka mmoja au zaidi. Ifikirie kama leseni ya biashara ya kaunti: ukilipa, uko sawa, usipolipa, hata kama umekuwa hapo miaka 10, shida inakuja.

Hapa Kenya, majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC. Kwa kawaida unapitia kwa msajili aliyeidhinishwa, ambaye anakuuzia na kukuhudumia. Miisho ina maana zake. Biashara huchukua .co.ke. Mashirika yasiyo ya faida huchukua .or.ke. Shule za msingi na za upili zina .sc.ke, vyuo vina .ac.ke, na serikali ina .go.ke. Tangu 2017 unaweza pia kuchukua jina fupi linaloishia na .ke moja kwa moja, bila "co" katikati.

Je, uchukue .co.ke au .com? Kama wateja wako wako hapa nyumbani, .co.ke inawaambia mara moja kwamba wewe ni wa hapa. Kama unauza hadi nje, .com inasaidia. Ukiweza, chukua zote mbili na uelekeze moja kwa nyingine, ili mtu mwingine asije akachukua ile uliyoiacha. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamwadhibu mtu anayechukua jina la biashara ya mwingine mtandaoni bila haki, lakini kesi ni kazi na gharama. Afadhali kuzuia mapema.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili: mpigie rafiki simu akiwa ndani ya matatu yenye muziki, umtajie jina mara moja tu. Akiandika sawa, jina ni zuri. Ukianza kueleza "kuna kistari katikati, halafu ile mbili ni namba, si neno", tafuta lingine. Tena uliza bei ya mwaka wa pili. Wengi hukuvuta na bei ya chini mwaka wa kwanza, halafu unashtuka baadaye.

Sajili kwa jina lako

Fundi wa tovuti anaweza kukusaidia kila hatua, lakini akaunti ya msajili iwe yako. Jina la biashara yako, namba yako ya simu, barua pepe yako. Yeye umpe ruhusa ya kufanya kazi, na kazi ikiisha ubadilishe nywila.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hata watu makini huingia. Usiweke barua pepe ya domeni hiyo hiyo kuwa ndiyo ya kupokea ujumbe wa msajili. Ukiweka info@ ya duka lako, siku domeni itakapokufa, ujumbe wa kukuokoa pia hautakufikia. Ni kama kufunga mlango na ufunguo ukabaki ndani. Tumia anwani ya nje, kwa mfano ya Gmail, ambayo unaifungua kila siku.

Ploti, nyumba na sanduku la posta

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Domeni, tovuti na barua pepe ni vitu 3 tofauti, na vinaweza kuwa kwa kampuni 3 tofauti. Domeni ni ploti. Tovuti ni nyumba uliyojenga juu yake. Barua pepe ni sanduku la posta pale langoni. Unaweza kubomoa nyumba na kujenga nyingine bila kuhamisha sanduku.

Kinachounganisha vitu hivi ni rekodi za DNS, ambazo unaziona ukiingia kwenye akaunti yako. Rekodi A inasema tovuti iko kwenye seva gani. Rekodi MX inasema barua zipelekwe wapi. Sasa, fundi mpya akija akakwambia "nihamishie domeni kwa seva zangu", akibadilisha kila kitu kwa mkupuo, tovuti mpya itafunguka vizuri lakini barua zinaweza kukatika, kwa sababu rekodi za MX zilibaki kule kwa zamani. Kabla ya kukubali, piga picha rekodi zote zilizopo na umwambie azinakili kwanza. Mabadiliko yenyewe yanaweza kuchukua saa chache, wakati mwingine hadi 48, kuenea kila mahali. Kwa hivyo usihame Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi, wakati wateja wanalipa.

Barua pepe na pesa

Pengine unajiuliza, Gmail ya bure ina ubaya gani? Kwa biashara ndogo inayoanza, haina ubaya. Lakini mtu yeyote anaweza kufungua Gmail yenye jina linalofanana na la duka lako leo jioni, akamwandikia mteja wako: "Tumebadilisha Till. Lipa kwa hii mpya." Mteja atajuaje?

Wizi wa namna hii haubagui. Kati ya 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la kampuni moja ya Asia iliyokuwa inawauzia vifaa Google na Facebook. Yeye na wenzake wakatuma barua pepe na ankara za uongo. Kampuni hizo kubwa zikalipa zaidi ya dola milioni 100 kabla ya kugundua. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 Marekani mwaka 2019. Kama wao walidanganywa, mhasibu wa shule yenye wanafunzi 300 naye anaweza.

Ukiwa na domeni yako, unaweza kuilinda kwa rekodi 3. SPF inaorodhesha seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. DKIM inaweka sahihi kwenye kila barua, ili ikibadilishwa njiani ijulikane. DMARC inamwambia anayepokea afanye nini na barua iliyofeli ukaguzi: aiache ipite, aipeleke kwenye spamu, au aikatae kabisa. Anza na ile ya kuacha ipite huku ukisoma ripoti, hadi uhakikishe barua zako halali zote zinapita. Baada ya hapo kaza.

Angalia pia usiwe na rekodi 2 za SPF. Hili tunaliona sana: mtu ana SPF moja ya barua pepe ya ofisi, halafu anaongeza nyingine ya mfumo wa kutuma matangazo. Kanuni inaruhusu moja tu kwa kila domeni. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.

Rekodi hizi zina faida nyingine. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanataka kila anayewatumia watumiaji wao barua awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma nyingi sana kwa siku lazima wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Kama ankara zako huwa zinaishia kwenye spamu za wateja, anza kutafuta hapo.

Lakini hakuna rekodi inayozuia mtu kusajili jina linalokaribia lako, kwa mfano kwa kuongeza herufi moja. Dawa yake ni utaratibu wa kazi. Waandikie wateja wako wakubwa leo: "Hatutabadilisha Till, Paybill wala akaunti ya benki kwa barua pepe. Ukipata barua kama hiyo, tupigie kwa namba unayoijua." Wasitumie namba iliyo kwenye hiyo barua, maana huyo tapeli ataipokea vizuri sana. Na wewe ukilipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo.

Mfanyakazi akiondoka

Usiwe na anwani moja ambayo watu 5 wanaijua nywila. Kila mtu awe na yake, na zile za oda na malipo zielekezwe kwa wahusika. Mtu akiacha kazi, unafunga anwani yake siku hiyo hiyo na kuelekeza barua zake kwa mwingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na kwenye akaunti ya msajili pia. Mara moja kwa mwezi, angalia kwenye mipangilio kama kuna barua zinazoelekezwa nje kwa mtu usiyemjua. Wezi wakiingia hupenda kuacha mlango huo wazi ili wasome kimya kimya, wakisubiri ankara kubwa.

Tarehe ya kuisha

Kusahau kulipia si aibu. Desemba 1999, Microsoft yenyewe ilisahau kulipia passport.com, na baadhi ya watu wakashindwa kuingia kwenye Hotmail zao wakati wa Krismasi. Aliyewaokoa ni mtayarishaji programu mmoja, Michael Chaney, aliyelipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Wewe huenda usipate mtu wa namna hiyo.

Domeni ya .com ikiisha, kwa kawaida unaweza kupewa hadi siku 45 za kulipia kwa bei ya kawaida, ingawa si kila msajili anatoa zote. Ikishafutwa kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada ya juu. Baadaye siku 5, halafu inaachiliwa kwa yeyote. Kwa .ke, muulize msajili wako utaratibu wake mapema. Kulipa kiotomatiki kunasaidia, lakini kumbuka kadi huisha muda na akaunti hukosa salio. Weka ukumbusho kwenye kalenda ya simu siku 60 kabla, na ukiweza lipia miaka 2 au 3 kwa pamoja.

Kazi ya wiki hii

Ingia kwenye akaunti ya msajili wako. Kama hujui akaunti hiyo iko wapi, tayari umepata jibu la muhimu kuliko yote: mtafute aliyekusajilia leo, wakati simu yake bado inashika. Hakikisha jina lililoandikwa ni lako, barua pepe ni ya nje, na tarehe ya kuisha umeiandika. Halafu ingia kwenye akaunti yako kwetu, uongeze namba ya simu ya kupokea taarifa za malipo, ili barua pepe isiwe njia pekee.

Yule mama wa yunifomu alifanya hivyo. Siku hizi karatasi yenye tarehe ya domeni ameibandika ukutani, kando ya leseni ya kaunti, na ripoti zake za asubuhi zinamfikia.