Je, Wajua? Mboji na Mchanga wa Dar

Je, wajua kwa nini mbolea ya dukani haikai kwenye matuta ya Bunju, Mbagala au Chamazi? Udongo wa huku kwa sehemu kubwa ni kichanga: mvua moja ya masika huzamisha virutubisho mbali na mizizi ya mchicha. Mboji iliyoiva ndiyo huvishika. Kilo yake moja hushikilia potasiamu na kalsiamu nyingi zaidi kuliko kilo ya kaolini, ule udongo mweupe wa milima ya Pugu.

Je, wajua kuwa nguvu hiyo iko kwenye asidi za humiki, zinazoipa mboji weusi wake? Mjerumani Franz Karl Achard alizitoa kwanza kwenye udongo wa kinamasi mwaka 1786. Ili uzione mwenyewe, koroga mboji iliyoiva kwenye maji ya magadi, uyaache usiku kucha. Asubuhi yamegeuka kahawia kama chai ya rangi. Usiyamwagie mimea, magadi yataiunguza.

Je, wajua kuwa asidi hizi huchochea mizizi yenyewe? Mwaka 2002 watafiti wa Brazili walizichuja kutoka mboji ya minyoo wakaipa miche ya mahindi, ikatoa mizizi mingi ya pembeni.

Je, wajua kuwa mbolea mbichi ya kuku, inayopatikana kwa viroba kila penye mabanda ya kuku wa nyama, huunguza miche kwa amonia? Ivundike kwanza. Changanya na majani makavu au maranda, nyunyizia maji mpaka ilowane bila kuchuruzika, kisha chomeka nondo katikati ya lundo. Baada ya dakika chache ichomoe, uishike: kama mkono hauvumilii, vijidudu bado viko kazini. Lundo likipoa, ligeuze lipate hewa. Likiacha kupata moto hata baada ya kugeuzwa, na harufu ikawa ya udongo baada ya mvua, limeiva.

Je, wajua kuwa Mabwepande, walikohamishiwa waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011, ndiko Manispaa ya Kinondoni ilikojenga kituo cha kugeuza taka za sokoni kuwa mboji, kwa msaada wa jiji rafiki la Hamburg? Temeke nayo inastahili chake. Maganda ya ndizi na mabaki ya kabichi yanayoishia dampo la Pugu ni rutuba ambayo mchanga wetu unaililia.

Je, wajua kuwa chupa ya asidi ya humiki inayouzwa dukani peke yake haitoshi kulisha mimea? Naitrojeni na fosforasi yake ni kidogo mno. Iongezee samadi au mbolea nyingine. Na kabla hujalipa, hakikisha imesajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea.