Mikia ya Kambakoche Katika Vilima vya Chai

Sisi tuliozaliwa ufukweni, kisha riziki ikatuleta Kaplong, penye njia panda ya Kericho, Kisii na Narok, hatujaacha kutamani kitoweo cha bahari. Atokapo mgeni Mombasa, hutuletea mikia ya kambakoche iliyogandishwa, nasi huiona kama salamu kutoka nyumbani.

Mara ya kwanza tuliichemsha kwa kipimo cha mama zetu: dakika sita, basi. Ganda likawa jekundu la kupendeza, lakini mama yetu mzee alipoupasua mkia wake mbele ya wageni, nyama ya katikati ilikuwa mbichi. Tuliingiwa na haya, tena na hofu, kwani kitoweo kibichi ni hatari kwa wazee na watoto.

Makosa yetu yalikuwa mawili. Tuliyeyusha barafu kwa pupa, kiini kikabaki kimeganda. Tena tulisahau tulipo: Kaplong iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji hutokota kwenye nyuzi takriban 94, si 100 kama pwani. Yanatokota, ila joto lake ni pungufu.

Sasa huiacha mikia iyeyuke ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi huchemsha maji mengi, vijiko viwili vikubwa vya chumvi kwa kila lita, na kutumbukiza mikia. Mkia wa gramu 150 huupa dakika nane hadi kumi, tukihesabu tangu maji yarudie kutokota. Huupasua mmoja kwanza: nyama ikiwa nyeupe kote, imeiva, ikizidi hapo, hukakamaa.

Kiungo chake ni chepesi: samli, ambayo huku kwenye maziwa mengi haikosekani, kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, pilipili manga, na ndimu mwishoni baada ya kuepua.

Kwetu Mashafii, kambakoche ni katika mavuvi ya bahari yaliyohalalishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96. Lakini katika madhehebu ya Hanafi, kinacholiwa baharini ni samaki tu. Basi tukialika, tuulize kwanza, na tumwandalie mgeni samaki kwa heshima ileile. Sahani moja tumpelekee jirani, kwani harufu ya samli imekwisha kumfikia.